Nilijikuta namwonea wivu mfiwa

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni binti wa miaka 29, mzaliwa wa Mbinga, mkoani Ruvuma. Nilikuja Dar mwaka 2022 kuuza duka la vitenge Kariakoo, la mtu tunayetoka naye wilaya moja. Nimepanga chumba kimoja Kimara, hapohapo nalala, hapohapo napika, choo tunashirikiana wapangaji watano. Sijaolewa na sina mtoto. Nayasema mapema maana najua utauliza.

Kwetu ni Wakatoliki kutoka kwa babu. Baba yangu alikuwa katekista wa kigango, yaani kanisa dogo la kijijini lililo chini ya parokia. Kule ukikosa ibada Jumapili moja, jioni watu wameshafika nyumbani kuuliza unaumwa nini. Mwaka mama alipovunjika mguu msimu wa kahawa, jumuiya yetu, yaani Wakatoliki majirani wanaosali pamoja kwa zamu nyumba hadi nyumba, iliingia shambani siku mbili ikachuma kahawa yote, sisi watoto tukabaki kubeba maji ya kunywa. Nilidhani Ukristo ndivyo ulivyo kila mahali.

Hapa nahudhuria Misa ya kwanza kila Jumapili. Nakaa upande wa kushoto karibu na mlango, kwenye feni. Wakati wa kupeana amani nashika mikono ya watu watano, sita. Sura zao nimezizoea, yupo hata mzee mmoja nikikosa kumwona naingiwa na wasiwasi. Lakini hakuna hata mmoja anayejua jina langu. Miaka mitatu, Shangazi.

Mwezi wa tatu niliugua taifodi, nikalala ndani siku tisa. Aliyenipikia uji ni jirani yangu wa mlango wa pili. Ni Mwislamu, na ilikuwa Ramadhani, yeye mwenyewe amefunga anaonja chumvi kwa kukisia. Kanisani kwangu hakuna aliyejua kama nipo au sipo.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Mwezi uliopita mama mmoja wa nyumba ya nyuma yetu alifiwa na mumewe. Wanajumuiya walifika kabla hata ndugu wa marehemu hawajatoka mkoani. Mara turubai limefungwa, viti vimeshushwa, masufuria yameletwa, akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wamevaa sare, jioni rozari, kijana mmoja yuko na daftari anaandika rambirambi. Mimi nilikwenda kama jirani, nikapewa ungo nichambue mchele. Nikiwa pale nikagundua kwamba kilichonikaba kooni si huruma. Ni wivu. Namwonea wivu mtu aliyefiwa! Nilirudi chumbani nikajiuliza, mimi nikifa leo hapa Kimara, nani atakayejua hata nizikwe kwa dini gani?

Najua utaniambia niende jumuiya. Nimekwenda mara mbili, mwaka ule wa kwanza. Wanasali Jumamosi saa 12:30 asubuhi. Mara ya kwanza walinikaribisha vizuri, nikajitambulisha, wakanipigia makofi. Mara ya pili, sala ilipokwisha, mhazini akasimama na daftari akasoma majina ya wanaodaiwa mchango wa nyumba ya mapadre, na mimi nimo, shilingi 50,000. Mshahara wangu ni 200,000. Kodi ni 60,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Baba yangu mdogo anaumwa kwetu, natuma chochote kila mwezi, na mama naye ananitegemea. Kisha ikasomwa ratiba ya nyumba za kusalia, nikasikia Jumamosi ya nne ni kwangu. Sikurudi tena. Tangu hapo padre akishatoa komunyo natoka, nisije nikakutana na mwenyekiti mlangoni.

Sasa kuna dada wa duka la jirani, anasali kanisa moja la kiroho lililo chini ya hema, njia ya kwenda Mbezi. Amenipeleka Jumapili mbili jioni. Siku ya kwanza tu waliniita kwa jina. Mama mchungaji alichukua namba yangu, Jumatano akanipigia kuniuliza nimeamkaje. Nililia dukani mbele ya wateja. Wananiambia nibatizwe upya, kwa maji mengi. Mama yangu akisikia ataanguka. Lakini nimechoka kuwa mgeni.

Nihame? Au mimi ndiye mwenye kasoro?

Mgeni, Kimara

*

Marahaba mwanangu.

Huo wivu usiende kuuungama, utamchosha padre bure. Dar ina watu zaidi ya milioni 5 kwa sensa ya 2022, na nusu ya niliowahi kukaa nao wamejiuliza swali lako la nani atawazika, ila wanaliuliza kwa namna nyingine. Ndiyo maana mtu anaingia kikundi cha kuzikana cha watu wa kwao kabla hajanunua hata kitanda. Wewe umelitamka tu jinsi lilivyo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mchango umenifafanulia kwa hesabu, mshahara, kodi, wagonjwa wa kijijini, mpaka nikaanza kukukokotolea. Zamu ya nyumba umeipa sentensi moja: Jumamosi ya nne ni kwangu. Inayofuata ni "Sikurudi tena." Na kabla ya yote hayo, kabla hata hujaniambia dini yako, umenieleza chumba chako na choo chake. Mimi naona elfu 50 haikukukimbiza. Kilichokukimbiza ni kile chumba. Ulifikiria wale watu wote na viatu vyao, jiko la gesi hapa, kitanda pale, ndoo ya maji, nguo zimening'inia kwenye kamba, na wewe katikati unatabasamu. Kama nimekosea, niandikie unisute.

Mwaka 1987 mimi nilikuwa na chumba Temeke, pazia katikati, upande mmoja mimi na mume, upande wa pili mdogo wake. Zamu ilipofika nilikopa kreti ya soda dukani. Wakaja watu kumi na wanne. Wanne walikaa kitandani. Mwenyekiti, mzee wa heshima zake mstaafu wa reli, alikaa juu ya dumu la maji. Meza ya sala ilikuwa cherehani nimeifunika kitambaa cheupe, msalaba umesimama pale inapopita sindano. Walipomaliza nikaanza kufungua soda, katibu akanivuta pembeni akaninong'oneza, mwenzetu, jumuiya hii hatuli kitu, tulikataa ili wasio nacho wasione aibu, utatuharibia. Soda zile nilizirudisha zimepungua mbili, mume wangu alishafungua. Wiki iliyofuata mama mmoja akaniletea kipande cha zulia. Nilikasirika kweli, nikaona ananidharau. Nimelitumia miaka sita.

Waswahili wana msemo, na wewe unaujua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wanadhani ni wa kumfukuza mgeni. Mimi nausikia kinyume. Ukishapewa jembe huwezi tena kuitwa mgeni, umekuwa mtu wa nyumba hiyo, unagombana nao kuhusu mpaka wa tuta. Yale makofi ya Jumamosi ya kwanza yalikuwa siku yako ya wageni. Jumamosi ya pili wakakupa jembe, yaani zamu, ukaliacha mlangoni ukakimbia. Miaka mitatu sasa.

Kuhusu kusomwa majina, hapo siwatetei. Na nitakwambia kwa nini najua: nimekuwa mhazini wa jumuiya miaka minne, na mimi ndiye niliyekuwa nasimama na daftari. Niliita uwazi. Kulikuwa na baba mmoja, fundi viatu, jina lake lilisomwa miezi mitatu mfululizo. Akaacha kuja. Siku moja nilimwona soko la Tandika, naye akaniona, akajificha nyuma ya magunia ya vitunguu. Mtu mzima, mwanangu, amenikimbia mimi kama nadai kodi ya serikali. Kuanzia hapo nikaacha kusoma.

Lakini ujue pia mhazini wako anabanwa na nini. Parokia ikiamua kujenga, lengo linagawanywa kwenye kanda, kanda inagawa kwa jumuiya, jumuiya inagawa kwa kaya. Kwenye mgawanyo huo mwenye ghorofa na mwenye chumba cha kupanga wote wanaandikwa kaya moja. Kisha kwenye kikao cha kanda jina la jumuiya nalo linasomwa, mhazini anarudi na aibu yake, anaigawa. Dawa yake ni kumfuata mwenyekiti peke yake, nyumbani, kabla ya sala, ukamwambia bila kuzunguka: mimi ninauza duka la mtu, elfu 50 sina, nitatoa elfu mbili kila mwezi. Usiseme nitajitahidi. Sema kiasi. Kiongozi akipata kiasi anapata cha kuandika, na jina lako linatoka kwenye orodha ya waliokimbia linaingia kwenye orodha ya wanaolipa kidogo kidogo. Hizo ni orodha mbili tofauti kabisa, niamini.

Na hili lishike. Sakramenti haiuzwi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 848, inaagiza wahitaji wasinyimwe sakramenti kwa sababu ya umaskini, na kanuni ya 1181 inasema hivyohivyo kuhusu mazishi. Kwa hiyo akitokea mtu akakuambia huzikwi mpaka umalize mchango wa nyumba ya mapadre, usibishane naye, panda ngazi umwone paroko, padre mkuu wa parokia. Ila usichanganye mambo. Jumuiya kukuomba ufahamike ni haki yake. Ukitaka ndoa, ukitaka kubatiza, padre atauliza jumuiya yako kwa sababu yeye ana maelfu ya waumini na hawezi kukujua. Kutolipa na kutojulikana si kosa moja.

Ndiyo maana hata Misa ya kwanza kwa miaka mitatu haijakupa jina. Usiwalaumu sana wale wa kwenye feni. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1973, na tena mwaka 1976, walikuwa wanatazama tatizo hilihili: parokia zimekuwa kubwa mno, watu wanasali bega kwa bega hawajuani. Wakasema Kanisa lishuke mpaka kwenye ukubwa wa watu wanaokaa jirani, wanaoweza kuingia shambani kuchuma kahawa ya mwenzao. Kigango cha baba yako kilikuwa na ukubwa huo tayari. Kimara haina, mpaka uingie kwenye zile nyumba saa 12:30 asubuhi.

Sasa nikujibu la kasoro. Unayo, ndogo. Unatoka kabla ya matangazo. Mwanangu, pale ndipo wanapotangaza nani mgonjwa, nani amefiwa, vijana wanakutana lini, wapi wanahitaji mtu wa kupanga viti. Unakimbia mwenyekiti mmoja, unakosa habari za parokia nzima. Na zile siku tisa za taifodi, ulimwambia nani? Jirani alijua kwa sababu ukuta wenu ni mmoja na alisikia unatapika. Watu wa kwenye feni wangesikia kupitia wapi?

Lakini kuna kitu umekifanya wewe mwenyewe na hukukiona. Ulichambua mchele msibani. Ungo ulipewa na nani, kama si mmoja wa akina mama walewale? Walikuona. Wanawake wa msibani wana macho, wanajua nani alishika mwiko na nani alikaa akichezea simu. Sura yako iko vichwani mwao, wanasubiri jina.

Kwa hiyo usianze na jumuiya. Anza na mjane. Turubai limeshafunguliwa, ndugu wamerudi mkoani, rozari za jioni zimekwisha, na sasa ndipo nyumba inapokuwa kubwa. Ukitoka dukani pita kwake, hata dakika kumi, mpelekee sukari au usipeleke kitu, mwoshee vyombo mkiongea. Usimwambie shida zako siku ya kwanza. Ikikaribia arobaini atahitaji mikono, utakuwepo. Halafu umwombe Jumamosi mwende wote jumuiya. Mtu akiingia na mjane wa jumuiya hiyo hakuna atakayefungua daftari la madeni ya mwaka 2022, na akilifungua, mjane atamnyamazisha kwa jicho tu.

Muda ninauona pia. Sala inakwisha kama saa 1:30, na basi la mwendokasi la Kimara asubuhi unalijua mwenyewe, mlango mmoja watu mia. Bosi wako ni mtu wa kwenu, mwombe Jumamosi mbili kwa mwezi ufike saa 3, ufidie jioni. Akikataa katakata, uliza ratiba ya VIWAWA, umoja wa vijana Wakatoliki wafanyakazi. Vijana wengi wanaofanya kazi hukutana Jumapili baada ya Misa, na una miaka 29, bado wanakupokea bila kukuita mama. Kwaya sikushauri kwa sasa. Mazoezi yao ni jioni tatu kwa wiki na sare kila pasaka, utarudi kuniandikia kuhusu michango ya sare.

Nimalizie la hema, maana najua ndilo linalokukosesha usingizi. Sitawatukana. Walikuuliza jina, wakalikumbuka, wakapiga simu Jumatano. Hilo Wakatoliki wenzangu tunashindwa, na ningekuwa na nafasi mbele ya kamati tendaji ya parokia ningeomba tuige kesho asubuhi. Yule mama mchungaji mshukuru. Ila kabla hujaamua, tafuta mtu aliye pale miaka miwili, si wa mapokezi, umuulize mambo mawili tu. Mtu akiombewa asipone, mnakaa naye vipi? Na mtu akisema sina cha kutoa, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, simu za Jumatano zinaendelea? Majibu yakiwa mazuri, heshimu.

Kuhusu kubatizwa upya, hapo ngoja kwanza. Kanisa Katoliki linafundisha ubatizo ni mmoja, haurudiwi, na baba yako katekista alikufundisha hilo kabla hujajua kusoma. Ukifika mahali unaamini vinginevyo kwa dhamiri yako, hiyo ni barua nyingine na nitaijibu kwa heshima. Kwenye barua hii hukuniandikia neno hata moja kuhusu imani. Umeniandikia kuhusu simu iliyokuita jina. Usiingie majini kwa ajili ya simu. Mama yako muache kwanza, usimwambie lolote, presha yake na umbali wa Mbinga havifai kujaribiwa kwa jambo ambalo hujaliamua.

Zamu yako ikirudi, na utaiomba wewe mwenyewe, fanya hivi. Kitanda kitandikwe shuka safi, watu wakae juu yake, hakijawahi kuua mtu. Jiko la gesi lisukume chini ya kitanda. Stuli au ndoo ya lita 20 iliyopinduliwa, kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa, Biblia yako. Maua chukua kwenye ua wa jirani kwa ruhusa. Waliokosa nafasi watasimama koridoni, wataimba hukohuko, wapangaji wenzako watachungulia na mmoja wao huenda akawa Mkatoliki aliyejificha kama wewe. Soda usinunue.

Na yule jirani yako wa uji, mwambie Ijumaa usiku kwamba alfajiri utakuwa na wageni na wataimba, asishtuke. Usishangae akigonga mlango saa 12 kamili, ameshika mkeka wake.

Shangazi